Baiskeli ndefu iliyoshindwa na pikipiki

ALIYEONDOKA Busia miaka ya tisini akirejea leo, hushangaa jinsi pikipiki zilivyozipiku baiskeli kwenye barabara za Sikuda. Na ni baiskeli zilizozaa jina bodaboda hapa mpakani, zikivusha abiria baina ya vituo vya forodha.

Kati ya 2002 na 2005, wabunifu wa WorldBike kutoka Marekani walishirikiana na fundi wa Kenya kuunda Big Boda, baiskeli iliyorefushwa nyuma ili ibebe abiria wawili au mzigo mkubwa. Mwaka 2007 ilionyeshwa katika makumbusho ya Cooper-Hewitt, New York.

Huko ilisifiwa. Huku haikuenea. Abiria wawili, ndiyo, lakini anayekanyaga pedali ni yule yule mmoja, na mlima haujapungua. Wabunifu walitatua tatizo la nafasi. Mchuuzi wa samaki alitaka kufika sokoni kabla jua halijawaka. (Kwenye njia za panya, ambazo sote hujifanya hatuzijui, urefu huo ungekuwa mzigo mwingine.)

Mwaka 2008 Kenya iliziondolea pikipiki zisizozidi sisi 250 kodi ya VAT. Vijana wakauza baiskeli, wakachanga arubuni ya pikipiki.