Je, Wajua? Mzinga wa Rufiji Uko Mombasa
Tarehe 11 Julai 1915, ndege ya Waingereza iliyoruka kutoka Kisiwa cha Mafia ilipigwa ikaangukia delta ya Rufiji. Wawili waliokuwemo waliokoka. Walikuwa wakiwaelekeza wapiga mizinga wa manowari zao kuilenga meli ya Kijerumani, SMS Königsberg. Siku hiyohiyo, baada ya meli hiyo kupigwa, mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Lakini hawakuiacha mizinga yake 10 ioze majini: waliiopoa, wakaipeleka Dar es Salaam kufungwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Leo mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, mwingine Jinja, Uganda, na wa tatu Pretoria.