Nesi Naye Alie Wapi?

Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti huikumbuka doksorubisini kwa rangi yake: ile dawa nyekundu. Muuguzi anayeichoma huikumbuka kwa hofu. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono, na kidonda chake huweza kukaa miezi bila kupona. Kwa hiyo hawezi kuifungulia na kwenda zake. Anakaa ubavuni mwa mgonjwa, anavuta damu kidogo kuhakikisha sindano imo mshipani, anasukuma dawa taratibu, anauliza kama panauma, anasukuma tena. Katika dakika hizo mazungumzo hayakwepeki. Baada ya siku 21 mgonjwa anarudi kwa mzunguko wa pili, kisha wa tatu. Ukifika wa nne, muuguzi anajua ni mtoto yupi yuko darasa la saba, mume ameacha lini kupiga simu, na nauli ya kutoka kijijini imekopwa kwa nani.

Kisha tarehe ya mzunguko mwingine inafika na mtu haonekani.

Mgonjwa wa kidole tumbo hukaa wodini siku chache, akapona, akasahauliana na waliomhudumia. Wa saratani hujenga undugu na muuguzi wake kwa miezi, na mara nyingi undugu huo hukatwa na kifo. Kwetu mzigo huo ni mzito zaidi kwa sababu wagonjwa wengi huchelewa kufika. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambayo jengo lake la kale ni hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, hupokea watu kutoka pande zote za Tanzania. Wengi wao ni wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi, na wengi huingia pale ugonjwa umeshasambaa. Muuguzi wao anatakiwa kupunguza maumivu ambayo chanzo chake hana uwezo wa kukiondoa, tena mbele ya ndugu waliouza ng'ombe wakitumaini kupona.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Christina Maslach, alichapisha pamoja na Susan Jackson mwaka 1981 kipimo cha uchovu wa kazi kinachotumika hadi leo. Kina sehemu tatu: kuishiwa kihisia, kuwaona wagonjwa kama vitu, na kujiona kwamba kazi yako haina faida tena. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 17 na wauguzi wa saratani 9,959, ulikuta asilimia 30 wameishiwa kihisia, asilimia 35 wanajiona hawana wanachokamilisha, na asilimia 15 wameanza kuwatazama wagonjwa kwa ubaridi.

Hiyo sehemu ya ubaridi ndiyo raia anayoiona. Ndugu wa mgonjwa anauliza swali, anajibiwa kwa mkato, anatoka nje akisema manesi wa siku hizi hawana utu. Lakini sayansi ina maelezo mengine. Mwaka 1960 mtafiti Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake kuhusu hospitali moja ya kufundishia jijini London, ambako takriban theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakiacha kabla ya kumaliza mafunzo. Alikuta kazi imekatwakatwa: kila muuguzi anafanya jambo dogo kwa wagonjwa wengi, halafu anahamishiwa wodi nyingine kabla hajamzoea mtu. Mgonjwa alitajwa kwa kiungo kinachomuuma na namba ya kitanda chake. Menzies alieleza kwamba mfumo mzima ulikuwa umejengwa kumkinga muuguzi na uchungu wa kumjua mtu anayeteseka. Kinga hiyo haikufanya kazi. Wasiwasi ulibaki palepale, na furaha ya kumhudumia binadamu ikatoweka. Walioondoka, kwa maoni yake, mara nyingi walikuwa wale wenye uwezo zaidi.

Basi msaada wa kisaikolojia unaofaa ni ule unaompa muuguzi mahali pa kuutua uchungu, ili asihitaji kujivika ukavu kitandani kwa mgonjwa.

Njia mojawapo ilizaliwa na kifo cha mwanasheria wa Boston, Kenneth Schwartz. Aligundulika ana saratani ya mapafu mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 40, wala hakuwa mvutaji wa sigara. Mwaka uliofuata aliandika katika jarida la gazeti la Boston Globe jinsi muuguzi mmoja alivyompokea kwa ukavu kabla ya upasuaji, kisha, baada ya kusikia habari yake na ya mwanawe wa miaka miwili, akamshika mkono, na mazungumzo yakaishia kwa muuguzi kufuta machozi. Schwartz aliona kwamba ubinadamu ule ulimsaidia kwa namna ambayo dawa haikuweza, na pia alielewa kwa nini wahudumu wenye wagonjwa wengi hujiwekea ukuta. Alifariki Septemba 1995. Kituo kilichoanzishwa kwa jina lake kikabuni vikao ambavyo sasa hufanyika katika mamia ya hospitali.

Kikao huchukua kama saa moja, mara nyingi pakiwa na chakula. Wafanyakazi watatu au wanne wa kada tofauti husimulia kisa kilichowagusa. Wengine husikiliza na kuongeza yao: daktari, muuguzi, mfamasia, mfanya usafi. Mwongozaji hazuii machozi. Anachozuia ni mashauri. Hapatafutwi aliyekosea dozi wala suluhisho la uhaba wa vitanda. Tathmini iliyofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2018 ilikuta kwamba miongoni mwa waliohudhuria mara kwa mara, wenye hali mbaya ya kisaikolojia walipungua kutoka asilimia 25 hadi 12. Kwa wasiohudhuria, walitoka asilimia 37 hadi 34 tu. Tuzisome takwimu hizo kwa tahadhari, maana waliohudhuria walijichagulia wenyewe, na tangu mwanzo walikuwa na nafuu kuliko wenzao.

Zipo pia stadi za mtu binafsi: kuchunguza mawazo ya kujilaumu na kuyapima kwa ushahidi, mazoezi ya kupumua na kulegeza misuli, kutafakari kwa utulivu. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya tafiti 117 za wahudumu wa afya, yalionyesha kwamba stadi hizi huenda zikapunguza msongo, na nafuu huweza kudumu hadi mwaka mmoja.

Ila si kila kinachoitwa msaada husaidia. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi katika nchi nyingi kumketisha mtu mara moja tu baada ya tukio zito na kumtaka alisimulie lote. Tafiti zilipopima kikao hicho cha mara moja kwa watu walionusurika ajali na majanga, hazikuona kinga yoyote, na baadhi ya washiriki waliishia na hali mbaya zaidi. Kinachosaidia hurudiwa, na mtu huingia kwa hiari yake.

Na hata kikao kizuri hakizibi pengo la watu. Mtafiti Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2002: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa uchovu wa kazi, na asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, liliuweka uchovu huu katika orodha yake kama jambo linalotokana na mazingira ya kazi, wala halikuuita ugonjwa. Kumfundisha muuguzi kupumua vizuri huku akiachiwa wodi nzima usiku ni kumtwisha lawama ya msongo ambao hakuuanzisha.

Hospitali zetu haziwezi kuajiri kesho wauguzi wote wanaohitajika. Zinaweza, hata hivyo, kutenga saa moja kwa mwezi ndani ya muda wa kazi, kumweka mtu wa kushika wodi wakati wenzake wamekaa, na kumpa uongozaji afisa ustawi wa jamii au mwanasaikolojia aliyefunzwa. Kikao kisiongozwe na bosi anayesaini likizo na tathmini za utendaji, la sivyo watu watasema yale anayotaka kuyasikia. Mgonjwa wa muda mrefu akifariki, makabidhiano ya zamu yampe dakika chache za kutajwa kwa jina lake kabla kitanda hakijatandikwa upya. Na mfanyakazi atakayekutana na wasimamizi wa mpango huo awaombe jambo moja: wafungue ratiba ya zamu ya mwezi ujao, waone kama ile saa imeandikwa, na nani amepangwa kubaki na wagonjwa.