Ustahimilivu wa watoto

Ustahimilivu wa watoto ni uwezo wa mtoto kupatwa na jambo gumu, kama vile kushindwa, kufiwa au kuhamishwa shule, kisha kurudia hali yake na kuendelea kukua vizuri. Neno linatokana na kitenzi "kustahimili", chenye asili ya Kiarabu. Ustahimilivu si ukaidi wala kuficha machozi: mtoto mstahimilivu hulia kama wengine, ila hakati tamaa.

Utafiti

Mwanasaikolojia Emmy Werner wa Marekani, akishirikiana na Ruth Smith, alifuatilia hadi utu uzima maisha ya watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Baadhi yao walilelewa katika umaskini na ugomvi wa nyumbani. Hata hivyo takriban theluthi moja ya hao walikuja kuwa watu wazima wenye kujiamini. Mambo mawili yalijirudia katika maisha yao: kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa, ambaye si lazima awe mzazi, na kupewa mapema kazi ambayo familia iliihitaji kweli, kama vile kutunza wadogo zao. Matokeo hayo hayahalalishi kumtwisha mtoto kazi inayozidi nguvu zake au kumkosesha masomo.

Michezo shuleni

Michezo humruhusu mtoto ashindwe bila hasara kubwa na kurudi uwanjani siku nyingine. Lakini mchezo peke yake haufundishi. Mtoto anayezomewa au kuchapwa kwa kukosa penalti hujifunza kukwepa kupiga penalti. Mwalimu anayemwuliza alikosea wapi, kisha akampa mpira ajaribu tena, humwonyesha kwamba kosa linarekebishika.

Nchini Tanzania mashindano ya shule za msingi huitwa UMITASHUMTA, na ya shule za sekondari UMISSETA. Timu huchujwa kuanzia ngazi ya shule hadi taifa, kwa hiyo watoto walio wengi hutolewa katika hatua za mwanzo. Ni rahisi kuwasahau hao, ingawa ndio wanaohitaji zaidi somo la kushindwa. Mazoezi yakisimama mara tu shule inapotolewa, wanabaki na kumbukumbu ya kushindwa tu. Yakiendelea, wanapata nafasi ya kuona wamesonga mbele.

Mfano maarufu ni wa Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alimaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Habari hiyo huwagusa watoto, ila isimuliwe kwa uangalifu: Akhwari alikuwa mtu mzima aliyejiamulia mwenyewe, na mwanafunzi aliyeteguka mguu hutolewa uwanjani akatibiwe hata kama anataka kuendelea.