Jujitsu si Kareti Bana! Siri ya Kumuangusha Msee kwa Nguvu Zake Mwenyewe

Ingia kibanda chochote cha video pale Cheptais, DJ Afro akiwa ndani ya spika. Kila ngumi ni "kareti". Kila teke, kareti. Hata ng'ombe akirusha mguu huko nje, mtoto atakwambia amepiga kareti. Hiyo tumezoea. Shida ni hii neno jujitsu, wasee wanaitupa mitandaoni kila siku, "jujitsu ya siasa", wakimaanisha mtu amechapwa vibaya. Zii. Ni karibu kinyume.

Kwa Kijapani, karate ni mikono mitupu. Jujitsu nayo: "ju" ni ulaini, ile ya kuinama ndio usivunjike, na "jitsu" ni ufundi. Ilikuwa mbinu ya samurai siku upanga umemtoka mkononi na adui mbele yake amevaa chuma. Ngumi hapo ni kujiumiza tu. Unamshika, anasukuma, unampisha, anaanguka na uzito wake.

Jigoro Kano, kijana wa mwili mdogo aliyekuwa akionewa na wenzake, ndiye alitoa judo kwa jujitsu mwaka wa 1882. Hesabu yake iko hivi: jamaa ana nguvu 10, wewe 7. Mkisukumana umeisha. Lakini akisukuma ukarudi nyuma ghafla, anapepesuka, anabaki na 3. Wewe bado uko na 7 zako zote.

Sasa ilete Kenya. Ruto alipogawia vijana wilbaro, mahasimu walicheka sana. Yeye hakuruka. Januari 2021 UDA ikatokea na wilbaro kama alama ya chama. Kuanzia hapo, ukicheka wilbaro unaifanyia UDA matangazo ya bure, na yule msee wa mjengo anaskia ni yeye anachekwa. Agosti 2022 akashinda kwa asilimia 50.49. Wilbaro haikuwa sababu pekee, lakini penda usipende, hiyo ilikuwa jujitsu safi.

Akaitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia. Akajaribu mbinu ile ile, akalitania jina mwenyewe. Haikuangusha mtu. Wilbaro ilikuwa kejeli tu. Zakayo ilikuwa inakatwa kwa mshahara.

Halafu 2024, na hapa sicheki, kwa sababu kuna vijana walizikwa. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bunge. Kesho yake rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha. Alisukumwa, akarudi nyuma. Julai akafuta karibu baraza lote la mawaziri, kisha akaita watu wa ODM: Mbadi, Joho, Oparanya, Wandayi. Vijana ndio walisukuma mpaka viti vikabaki wazi. Waliokalia ni wengine.

Kwa hivyo ukiona mtu ameandika "jujitsu" chini ya habari ya siasa, usiulize nani amepiga nani. Uliza nani alikuwa anasukuma, na alitua wapi. Pale kibandani, lakini, itabaki tu kareti.