Mguu Huoshwa Jioni

Mwaka 2009 kampeni ya dawa za kingatiba dhidi ya matende na mabusha ilipofika wilaya ya Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, watu walisimamishwa mmoja mmoja kando ya fimbo yenye alama. Mgawa dawa alitazama kichwa kimefika alama ipi, akahesabu vidonge vya ivermectin kulingana na urefu, akaongeza kidonge kimoja cha albendazole, kisha akasubiri mtu ameze palepale. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi walirukwa. Kazi ya dakika chache, kisha kungojea mwaka mwingine.

Vidonge hivyo vilifanya kazi kubwa. Wakati huo watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mbeya, waliwakuta karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopimwa katika eneo lao la utafiti Kyela akiwa na minyoo ya ugonjwa huu mwilini. Muongo mmoja baadaye waliobaki nayo walikuwa wachache sana. Lakini kuna jambo ambalo kidonge cha mwaka hakiwezi. Hakirudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mwenye mguu huo anaingia katika kazi nyingine, ya kila siku, isiyo na mgawa dawa wala fimbo, na isiyo na mtu wa kusimama kumtazama kama ameifanya.

Mnyoo wenyewe, Wuchereria bancrofti, huletwa na mbu, na Kyela ni nchi wanayoipenda mbu. Wilaya hii iko kwenye mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, bondeni chini ya Milima ya Livingstone, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nyanda za juu na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Mvua zikianza Novemba huweza kuendelea hadi Mei. Mashamba ya mpunga ule unaosifiwa nchi nzima kwa harufu yake hugeuka maji matupu. Tangu miaka ya 1950 madaktari walikuwa wakiandika kuhusu matende kwenye ufuko huu wa kaskazini wa ziwa.

Minyoo mikubwa hukaa katika mishipa ya limfu, ambayo kazi yake inafanana na ya mfereji wa kutoa maji kwenye jaruba: ukiharibika, maji hutuama. Mguu hujaa. Ngozi iliyotuna hupasuka, hasa kati ya vidole, na katika nyufa hizo huingia bakteria wa kawaida kabisa, walewale walioko kwenye tope na vumbi. Hapo ndipo mateso makubwa yanapoanza. Mtu hushikwa na homa na kutetemeka, mitoki humvimba kwenye kinena, mguu huwaka moto, naye hulala siku kadhaa bila kwenda shamba. Kila shambulio linapopita huacha ngozi nene zaidi na mguu mzito zaidi.

Kwa muda mrefu lawama zote ziliangukia mnyoo. Katika miaka ya 1990 daktari Gerusa Dreyer, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa matende katika jiji la Recife nchini Brazil, alionyesha kwamba mashambulizi hayo yanatokana zaidi na bakteria, na kwamba wagonjwa wanaoosha miguu yao kwa uangalifu hupata mashambulizi machache. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa, kwa sababu ilihamisha sehemu kubwa ya tiba kutoka hospitali hadi kwenye beseni la nyumbani.

Uoshaji wenyewe una utaratibu wake. Maji yawe safi na ya kawaida, yasiwe ya moto. Sabuni yoyote ya kuogea inatosha. Mtu huanza pale juu uvimbe unapoanzia, akishuka polepole hadi unyayo, kwa mkono au kitambaa laini, kwani jiwe la kusugulia na brashi huchubua na kufungua milango mipya. Kila kunjo la ngozi hufunguliwa na kuoshwa ndani. Nafasi kati ya vidole huoshwa moja baada ya nyingine. Kisha suuza, tena na tena, mpaka maji yanayodondoka yawe hayana povu wala uchafu. Kukausha ndiko kunakosahauliwa zaidi: kitambaa safi hugandamizwa bila kusugua, na kati ya vidole hupitishwa kipande chembamba cha kitambaa au pamba, maana fangasi hupenda unyevu, na ufa wa fangasi ndio mlango wa bakteria. Baada ya hapo mgonjwa hukagua mguu. Penye kidonda au fangasi hupakwa dawa iliyotolewa na zahanati. Usiku mguu hulazwa juu kidogo, juu ya mto au upande wa miguu wa godoro uliowekewa kitu chini. Mchana mtu akiwa ameketi huzungusha kifundo cha mguu au huinua visigino na kuvishusha, ili maji yaliyotuama yasogee.

Hakuna hatua hata moja ngumu hapo. Ugumu ni kwamba kesho yote huanza upya.

Ukiruka siku moja, hakuna kinachouma. Ukiruka wiki, huenda pia hakuna. Na ukifuata kila kitu, zawadi yako ni homa ambayo haikuja, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa sababu hiyo mgonjwa husaidiwa sana akikumbuka, au akiandikiwa na mtoto kwenye daftari la shule, ni mara ngapi alishikwa na homa ya mguu msimu uliopita na ni mara ngapi msimu huu. Hesabu hiyo humwonyesha matunda ya kazi ambayo mguu wenyewe huchelewa kuyaonyesha.

Ni kosa basi kuwaita wavivu wanaoshindwa. Mkulima anayetoka kupalilia mpunga amesimama majini tangu asubuhi. Buti za mpira, kama anazo, zimemchemsha miguu. Na maji safi ya kuoshea huenda yanahitaji safari nyingine ya ndoo. Wapo pia wanaoamini kwamba mguu ulivimba kwa sababu walikanyaga kitu walichotegewa na mbaya wao. Anayeamini hivyo anahitaji kuelezwa kwa upole habari za mbu na bakteria kabla hajaombwa kununua sabuni. Na aibu ni mzigo wa pekee: anayeuficha mguu chini ya kitenge au suruali pana hataki kuuosha mahali ambapo wengine wanaona.

Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya la kila siku. Wengine walihitaji siku 18 tu mpaka tendo lianze kujiendea lenyewe, wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Aliyekuwa katikati yao alihitaji siku 66. Tendo lilifungwa kwenye jambo ambalo mtu hulifanya tayari kila siku, na kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa. Kwa mtu wa Ipinda au Matema wilayani Kyela, jambo hilo tayari lipo: kuoga jioni baada ya shamba. Mguu ukioshwa katika muda huohuo, kwa maji yaleyale yaliyotekwa, nidhamu haihitaji kupiganiwa upya kila siku. Na aliyekosa jana kwa sababu ya msiba hana haja ya kukata tamaa, aendelee leo.

Usafi wenyewe si jambo la kuletwa na wageni. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika upande wa kaskazini wa ziwa mwaka 1879, alistaajabia migomba iliyotunzwa na viwanja vilivyofagiliwa vya Wanyakyusa. Nidhamu hiyo ya uwanja inaweza kabisa kuingia ndani ya beseni.

Nidhamu hiyo inahitaji watu, hata hivyo. Huko Recife, Dreyer aliwakusanya wagonjwa katika vikundi vilivyoitwa klabu za matumaini, ambamo walifundishana na kuulizana habari za miguu yao. Nyumbani mjukuu anayeteka maji na mke anayekumbusha kitambaa cha kukaushia wanafanya sehemu ya kazi hiyo. Kujitunza hakupungui thamani kwa kusaidiwa.

Nidhamu pia ni kujua mwisho wa uwezo wa sabuni. Shambulio likiwa limeanza, mazoezi husimamishwa, mguu hupozwa kwa maji ya baridi na kupumzishwa, na mgonjwa huenda zahanati kupata antibayotiki. Kuchanja au kubandika majani ya moto huongeza madhara. Mabusha nayo hayaoshwi yakaisha, yanahitaji upasuaji, na anayeahirisha upasuaji mwaka baada ya mwaka anajinyima nafuu iliyo karibu. Chandarua bado kina kazi hata kwa asiyeumwa, maana mnyoo unaoletwa na mbu unahusishwa na hatari nyingine pia. Utafiti wa Kyela uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokuwa na minyoo hii waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kiwango cha takribani mara mbili ya wasiokuwa nayo.

Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwamba imeyatokomeza matende na mabusha kama tatizo la afya ya jamii. Nchi inayoomba uthibitisho huo haipimwi kwa damu pekee. Lazima ionyeshe pia ina wagonjwa wangapi wenye miguu iliyovimba na ni vituo gani vinavyowafundisha na kuwahudumia, kwa kuwa mtu aliyepata matende akiwa na miaka 30 ataendelea kuosha mguu wake kwa miongo mingi baada ya mbu wa mwisho kuacha kubeba mnyoo.