Gia, giaboksi na utambuzi wa giaboksi kongwe za Kimarekani

Neno gia hubeba maana zaidi ya moja. Ni gurudumu lenye meno, ni hatua ya mwendo wa gari, na katika mazungumzo ni hata ule mkono anaoushika dereva. Msemo kubadili gia angani hutegemea maana ya pili. Giaboksi ni kasha lenye magurudumu hayo pamoja na shafti zake. Anayefasiri habari za hotirodi, yaani magari ya zamani ya Kimarekani yaliyoundwa upya ili yaende kasi, hana budi kuzitenga maana hizi, kwani mnunuzi akisoma maelezo yenye utata huagiza vipuri visivyoingia.

Tuchukue giaboksi za mkono zenye hatua nne. (Kuandika “ina gia nne” hakutoshi: magurudumu ya meno yaliyomo ndani yanazidi manne.) Fundi huanza na kifuniko. Kikiwa juu ya kasha na kufungwa kwa bolti kumi, hiyo yaelekea kuwa Toploader ya Ford, iliyotoka mwaka 1964 na kupata jina lake kwa kupakiwa gia kutoka juu. Kikiwa ubavuni, bolti zihesabiwe. Tisa ni dalili ya Borg-Warner T-10, iliyoanza kutumika mwaka 1957. Saba huacha shaka, maana Muncie na Saginaw, zote za General Motors, zina saba. Hapo hutazamwa wenzo wa rivasi: katika Saginaw umo kwenye kifuniko kimoja na wenzo wa gia nyingine, katika Muncie umekaa peke yake kwenye kasha la mkiani. Isitoshe, kasha la Saginaw ni la chuma cha kusubu, la Muncie ni la aluminiamu.

Muncie, iliyoundwa kati ya 1963 na 1974, ndiyo inayogombaniwa zaidi, nayo ina aina tatu. Katika zile za kuanzia 1966, mifuo miwili iliyozunguka shafti ya kuingilia kwa kawaida huonyesha M20, mmoja M21, na shafti isiyo na mfuo M22. Lakini shafti hubadilishwa, hivyo alama hiyo peke yake isiaminiwe. Tia gia ya kwanza, kisha zungusha shafti ya kuingilia hadi ya kutokea itimize mzunguko mmoja. Mizunguko miwili na nusu ni M20. Miwili na moja ya tano ni M21 au M22. Hizi mbili hutofautiana kwa mshazari wa meno: ya M22 yamelala kidogo tu, ndiyo sababu hunguruma sana.

Tahadhari ya mwisho ni ya neno meno. Ncha ya shafti ya kuingilia nayo ina meno, 10 katika Muncie za awali na 26 katika za baadaye, ambayo hushika sahani ya klachi. Mfasiri aandike “meno ya ncha ya shafti”, yasije yakadhaniwa kuwa ya gia.