Tasnifu Haitaki Upweke

Mwanafunzi wa uzamili anayetafiti majina ya leso hapati taabu ya data akifika Biashara Street, Mombasa. Maduka yamepangana pande zote mbili, doti zimetundikwa mpaka juu ya milango, na muuzaji aliyezeekea kwenye kaunta atamweleza jina lipi hutoka sana msimu wa harusi na lipi hununuliwa na mtu mwenye neno na jirani yake. Kwa Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza mwaka 1887 na ambalo leso zake zajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, atakuta majina ya kale na mapya. Fundi wa kupinda naye ana lake la kusema. Baada ya wiki chache daftari limejaa.

Kisha mwanafunzi huyo hurudi nyumbani, akafunga mlango, akafungua kompyuta, na hapo ndipo kazi inapokwama. Miezi hupita sura ya nne ikiwa na kichwa tu. Simu ya msimamizi huachwa ilie hadi inyamaze.

Wanafunzi wa aina hii nimewafundisha wengi, na karibu kila mmoja hujiita mvivu. Hilo siliamini hata kidogo. Mtu aliyesimama juani siku nzima akihoji wauzaji hawezi kugeuka mvivu kwa kuketi mbele ya kompyuta. Tazama hatua zake zilizotangulia. Pendekezo la utafiti alilitetea mbele ya jopo, siku na saa zikijulikana. Kibali cha utafiti alikiomba NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Mahojiano yalikuwa na miadi. Kila hatua ilikuwa na watu waliomngoja, isipokuwa kuandika. Kwa hiyo kuandika hushindwa na chochote chenye shahidi: zamu ya kazi, mtoto mwenye homa, matanga, harusi ya binamu. Harusi ina saa yake na watu watauliza mbona hukuja. Sura ya nne haiulizwi na mtu.

Na shinikizo limezidi. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 ilitaka mwanafunzi wa uzamili awe na makala moja katika jarida lenye kupitiwa na wataalamu, na wa uzamivu awe na mbili. Maana yake ni kwamba tasnifu peke yake haitoshi.

Dawa moja iliyojaribiwa kwingi ni kikao cha kuandika pamoja. Watu wanne, sita au kumi hukaa chumba kimoja, kila mtu na kazi yake, wakaandika kimya kwa muda uliopangwa, wakapumzika, wakaandika tena. Rowena Murray wa Uskoti ameipa mbinu hii utaratibu ulioenea vyuoni: vipindi vya saa moja hadi saa moja na nusu, malengo yakitajwa kabla na kupimwa baadaye, na intaneti ikifungwa. Yeye huwataka watu waandike chumba kimoja kama wapiga chapa wa ofisi za zamani, wala si kila mtu chumbani kwake kama mfungwa. San Francisco, Marekani, waandishi walianza mwaka 2007 kukutana mikahawani chini ya jina lenye maana ya nyamaza uandike, na watafiti wakaidaka mbinu hiyo haraka. Huku kwetu, mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na ambao Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Moi vimo, huwakusanya wanafunzi wa uzamivu wa vyuo vya Afrika katika semina za pamoja za wiki kadhaa. Hizo ni pana kuliko kikao cha kuandika, lakini zimesimama juu ya imani ileile, kwamba mtafiti mchanga asiachwe peke yake.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani. Aliwagawa wahadhiri 27 katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliambiwa lisiandike ila kwa dharura. La pili liliandika lilipojisikia. La tatu lilipangiwa vipindi, na aliyekosa alitozwa pesa ziende kwa shirika analolichukia. Kundi la tatu lilitoa wastani wa kurasa 3.2 kwa siku ya kazi, la pili 0.9, la kwanza 0.2. Jambo kubwa zaidi, kundi lililobanwa ndilo lililopata mawazo mapya mengi, takriban moja kila siku, na waliongojea kujisikia wakalipata moja kwa siku mbili. Yaani wazo huja mkono ukiwa kazini, kama fundi wa kupinda anavyoona kasoro ya kitambaa kikiwa tayari chini ya sindano. Kikao hufanya kazi ya ile faini, ila kwa upole: mwenzako amekuwekea kiti.

Chumba hakihitaji kuwa cha chuo. Orofa juu ya duka, au chumba cha madrasa kisichotumika Jumamosi asubuhi, kinatosha pakiwa na feni, meza na umeme wa uhakika. Kelele za mtaani si adui, masikio huzizoea. Kinachovunja kikao ni simu na mazungumzo. Biashara Street inafaa kwa kuwa iko karibu na Digo Road, na mwanafunzi wa Tudor au wa Kisauni ana matatu ya kumfikisha mjini, na wa Likoni huvuka kwanza kwa feri. Anzeni saa tatu asubuhi, mmalize kabla ya adhuhuri, ili mwenye kuswali aswali na mwenye watoto arudi mapema. Kwa kina mama wengi wanaosoma huku wakifanya kazi, saa hizo tatu nje ya nyumba ndizo pekee ambazo hakuna atakayewatuma kitu, na kwa hilo tu kikao kimeshalipa.

Mwanzoni kila mtu ataje lengo kwa sauti, na lengo liwe dogo la kuonekana. "Nitashughulikia sura ya nne" halipimiki. "Nitaandika aya tatu juu ya jinsi wauzaji wanavyomshauri bi harusi kuhusu jina la leso" linapimika. Msisomeane kazi siku hiyo. Kukosoana kunataka siku yake, kwa kuwa anayejua atasomwa baada ya saa moja huandika kwa woga, na rasimu ya kwanza haivumilii woga. Msimamizi akija, naye aketi aandike yake. Mwanafunzi akimwona profesa akifuta sentensi ileile mara tatu hujifunza kitu ambacho hakimo katika mwongozo wowote.

Kikao hakitaponya swali la utafiti lililoundwa vibaya, wala msimamizi asiyesoma kazi kwa miezi. Hayo yana milango yake. Lakini mtu akikosa Jumamosi mbili mfululizo, mmoja wenu ampigie simu, tena asimuulize amefika wapi na tasnifu. Amwambie tu kikao ni saa tatu, na kiti chake kiko dirishani.